Kura Milioni Nne, Viti Vitano: Uingereza na Hatima ya Vyama Vidogo

Kila neno mageuzi linapotajwa nchini mwetu, hujitokeza mtu akatuelekeza Uingereza. Hutuambia kwamba huko ndiko kwenye Bunge lililoyazaa mabunge mengine. Kwamba huko vyama ni viwili, kimoja hutawala na cha pili hungoja zamu yake. Na kwamba vile vidogo ni kelele za pembeni zisizomnyima mtu usingizi. Kisha hutugeukia na kutuuliza: ninyi mnaolilia vyama vingi, mnataka vingapi? Hatutamkwepa mtu huyu. Tutaandamana naye hadi huko huko Uingereza anakokusifu, tumwonyeshe yaliyomo ndani ya nyumba ambayo yeye ameitazama kwa nje tu.

Tarehe 4 Julai 2024 Waingereza walipiga kura kuchagua wabunge 650. Chama cha Labour kilipata asilimia 33.7 ya kura, yaani theluthi moja na ushei mdogo. Kwa kura hizo kilipewa viti 411, karibu theluthi mbili ya Bunge zima. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 2019, chama hicho hicho kilipata kura zaidi ya milioni 10 kikaambulia viti 202, na ulimwengu mzima ukasema kimezikwa. Mwaka 2024 kilipata kura milioni 9.7, pungufu ya zile za mazishi, na viti vyake vikawa maradufu. Msomaji atulie hapo kidogo. Kura zilipungua, viti vikaongezeka mara mbili. Ikiwa hii ndiyo hesabu tunayotakiwa kuiiga, basi na tuwaombe radhi walimu waliotufundisha hesabu shuleni.

Sasa tuwatazame wadogo. Chama cha Reform UK kilipata kura zaidi ya milioni 4, asilimia 14 hivi ya kura zote, kikapewa viti 5. Chama cha Green kilipata kura zaidi ya milioni 1.8, kikapewa viti 4. Ukigawa kura kwa viti utaona ajabu. Kila kiti cha Labour kiligharimu kura 24,000 hivi. Kila kiti cha Green kiligharimu kura zaidi ya 450,000. Kila kiti cha Reform UK kiligharimu kura zaidi ya 800,000. Wote hawa ni raia wa nchi moja, walisimama katika foleni moja na kutumbukiza karatasi zinazofanana. Lakini karatasi ya mmoja ilikuwa na uzito wa zaidi ya karatasi thelathini za mwenzake.

Hatusemi kwamba kura ziliibwa. Sisi ambao tunakumbuka mlolongo wa mwaka 1988, pale waliosimama nyuma ya mgombea walipohesabiwa kwa macho na safu ndefu ikatangazwa kuwa fupi, tunaujua wizi wa kura na hatuwezi kuuchanganya na jambo jingine. Huko Uingereza masanduku hayakuguswa, maajenti hawakufukuzwa, na walioshindwa walipeana mikono na walioshinda. Ndiyo maana jambo lenyewe ni zito zaidi. Wizi wa kura una mahakama yake. Mtu hupeleka shauri, akaleta mashahidi, akaomba uchaguzi ubatilishwe. Lakini pale ambapo dhuluma imo ndani ya sheria yenyewe, mahakama haina la kufanya ila kuisoma sheria kwa sauti na kuwatuma watu nyumbani. Sisi ambao riziki yetu ni kuzisoma sheria twakiri kwamba hakuna dhuluma ngumu kuing'oa kama ile iliyoandikwa vizuri.

Sheria yenyewe ni fupi. Nchi hukatwa vipande. Katika kila kipande anayepata kura nyingi kuliko kila mwenzake huchukua kiti, hata kama wengi wa wapiga kura hawakumtaka. Na kura za walioshindwa hazihesabiwi tena mahali popote. Chama ambacho wafuasi wake wametawanyika nchi nzima kama chumvi kwenye mchuzi hakionekani popote. Chama ambacho wafuasi wake wamekusanyika kijiji kimoja huonekana kama mlima. Mwaka 2015 chama cha UKIP kilipata kura karibu milioni 3.9 zilizotawanyika, kikapata kiti 1 tu, cha Clacton. Mwaka huo huo chama cha taifa la Uskoti, SNP, kilipata kura zisizofika milioni 1.5, zote zikiwa Uskoti, kikazoa viti 56 kati ya 59 vya huko.

Wala si jambo la jana. Mwaka 1951 chama cha Labour kiliwashinda Conservative kwa wingi wa kura katika nchi nzima, lakini Conservative ndio waliopata viti vingi na kuunda serikali. Februari 1974 chama cha Liberal kilipata kura milioni 6 na viti 14. Mwaka 1983 muungano wa Liberal na SDP ulipata asilimia 25.4 ya kura, Labour ikapata asilimia 27.6. Tofauti yao ilikuwa unywele. Lakini Labour ilipata viti 209, na muungano ukapata 23. Tangu siku hizo vijana wamekuwa wazee wakisubiri haki hiyo irekebishwe.

Mtetezi wa mfumo huu atatujibu kwamba hayo yote ni bei ya utulivu. Atasema heri chama kimoja chenye nguvu kuliko ugomvi wa vyama kumi. Sawa, na tuupime huo utulivu. Kati ya Julai 2016 na Julai 2024 Uingereza ilibadilisha waziri mkuu mara tano, na mmoja wao, Liz Truss, hakufikisha miezi miwili madarakani. Chaguzi za mwaka 2010 na 2017 hazikumpa mtu yeyote wingi wa viti bungeni. Kama huo ni utulivu, basi bahari ya kusi nayo ni bwawa la kuogelea. Mfumo wa mshindi kuchukua yote haukuondoa ugomvi; uliuhamisha kutoka baina ya vyama ukauweka ndani ya chama kinachotawala, mahali ambapo mwananchi hana kura.

Je, chama kidogo hufanya nini baada ya uchaguzi kama huo? Historia ya Uingereza inatuonyesha njia tatu, na kila moja ina somo kwetu.

Njia ya kwanza ni kuacha kuitafuta nchi na kutafuta vitongoji. Mwaka 2019 chama cha Liberal Democrats kilipata asilimia 11.6 ya kura na viti 11. Mwaka 2024 kilipata asilimia 12.2, ongezeko la kiganjani, lakini viti vikapanda hadi 72. Hakikuwavutia Waingereza wapya kwa mamilioni. Kilichagua maeneo bunge machache, kikamwaga watu wake huko, na kwingineko kikaacha shamba liote magugu. Green nao walifanya vivyo hivyo katika maeneo bunge manne waliyoyashinda, Brighton Pavilion likiwa mojawapo. Twawapongeza kwa werevu. Lakini tuulize: ni demokrasia gani hii inayokitaka chama kiwasahau wafuasi wake wengi ili kiwaokoe wachache? Raia wa Liberal Democrats aliyeishi mahali ambapo chama chake hakikujali kufika alikuwa na chama kwenye kadi tu.

Njia ya pili ni kukaribishwa mezani na mkubwa. Mwaka 2010 Liberal Democrats walikuwa na asilimia 23 ya kura na viti 57, na Conservative wakawahitaji ili waunde serikali. Wakaingia. Kabla ya uchaguzi wagombea wao walikuwa wameweka saini kiapo cha kupinga nyongeza ya karo ya vyuo vikuu. Desemba ya mwaka ule ule serikali yao iliruhusu karo ipande hadi pauni 9,000 kwa mwaka, na wabunge wao wengi wakaipigia kura ya ndiyo au wakakaa kimya. Wapiga kura hawakusahau. Mwaka 2015 chama kilirudi bungeni na viti 8. Mshirika wao mkubwa, aliyeitaka karo hiyo tangu mwanzo, alirudi na wingi wa viti peke yake. Mdogo alilipa deni la wawili. Wale wanaongoja kualikwa serikalini kila baada ya uchaguzi, na wakisha alikwa husahau walichowaambia watu uwanjani, wasisome habari hii kama hadithi ya ng'ambo.

Njia ya tatu ni kukaa nje ya mlango na kutisha. Chama cha UKIP hakikuwa na mbunge hata mmoja aliyechaguliwa kwa tiketi yake Januari 2013, wakati Waziri Mkuu David Cameron alipoahidi kura ya maoni juu ya Umoja wa Ulaya. Aliahidi kwa kuwa aliogopa kura zake zisiibwe ubavuni na chama hicho. Juni 2016 kura hiyo ikapigwa, na Uingereza ikaamua kujitoa. Tunalitaja hili kwa makusudi. Watetezi wa mfumo wa zamani husema kwamba unawazuia wenye siasa kali wasiingie bungeni. Ni kweli wamezuiwa kuingia. Lakini waliigeuza historia ya nchi wakiwa barazani. Laiti wangeingia kwa kadiri ya kura zao, wangelazimika kusimama bungeni, kuulizwa maswali, kupiga kura juu ya bajeti, na kubeba lawama za yale waliyoyataka. Kufungiwa nje kuliwapa uwezo bila wajibu, na hakuna kitu kinachomnenepesha mwanasiasa kama hicho.

Na hata huko kufungiwa nje si kwa milele. Ukuta ukizuia mto bila kuachia hata tone, siku utakapovunjika haitoshuka mvua bali gharika. Katika uchaguzi wa 2024 Reform UK walikuwa wa pili katika maeneo bunge 98. Mei 2025, katika uchaguzi wa mabaraza ya Uingereza, chama hicho chenye viti 5 bungeni kilitwaa mabaraza 10. Katika baraza la Kent kilichukua viti 57 kati ya 81. Siku hiyo hiyo kilinyakua kiti cha ubunge cha Runcorn and Helsby kwa tofauti ya kura 6. Mfumo ambao uliipa Labour karibu theluthi mbili ya viti kwa theluthi moja ya kura hauchagui rafiki. Chama chochote kikivuka mstari fulani, hata kikikataliwa na watu saba katika kila kumi, kinaweza kukabidhiwa nchi nzima. Wakubwa waliouegemea ukuta huu kwa miaka mia moja hawana budi kuuangalia upya: mchimba kisima huingia mwenyewe.

Tunajua kuna wasomaji watakaotunong'oneza: je, mnawatetea hata hao wenye siasa za kuwachukia wageni? Jibu letu ni wazi. Sera zao hatuzitaki, na ndugu zetu wanaoishi huko London na Birmingham wana sababu za kutozitaka kuliko sisi. Lakini haki ya kuhesabiwa si zawadi ya tabia njema. Tukikubali kwamba kura ya fulani isihesabiwe kwa sababu hatupendi anachosema, tumempa mtawala kalamu ya kuandika majina yetu katika orodha hiyo kesho. Sisi tulio katika vita hivi tangu siku ambazo kutaja chama cha pili kulikuwa kosa la kumpeleka mtu kizuizini hatuwezi kusahau nani waliandikwa katika orodha ya mwanzo.

Basi kwa nini Waingereza hawaubadilishi? Kwa sababu anayeweza kuubadilisha ni yule ambaye umembeba. Mwaka 1997 Labour waliahidi katika ilani yao kuwauliza wananchi juu ya mfumo wa uchaguzi. Walishinda kwa kishindo. Tume ya Roy Jenkins ikaundwa, na Oktoba 1998 ikatoa pendekezo la mfumo mpya. Taarifa ikawekwa kabatini, kura ya maoni haikuitishwa. Mwaka 2011, kama bei ya ushirika, Liberal Democrats walipewa kura ya maoni, lakini si juu ya uwakilishi wa uwiano walioutaka. Walipewa mfumo wa nusu njia ambao hata wao hawakuupenda, na wananchi wakaukataa kwa asilimia 67.9. Septemba 2022 mkutano mkuu wa Labour ukapitisha azimio la kutaka uwakilishi wa uwiano. Viongozi wakalisikia, na ilani ya 2024 ikatoka bila neno hilo. Desemba 2024 mbunge wa Liberal Democrats, Sarah Olney, aliomba ruhusa ya kuwasilisha mswada wa uwiano, akapewa kwa kura 138 dhidi ya 136. Ilikuwa mara ya kusherehekea, lakini ruhusa ya kuwasilisha si sheria, na serikali haikuuchukua mswada huo kuwa wake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Akiwa mezani humwahidi mwenye njaa sahani, akishiba husahau jikoni ni wapi.

Wala wasituambie kwamba uwiano ni kitu kigeni kwa Waingereza. Bunge la Uskoti na lile la Wales yalipozaliwa mwaka 1999 yalipewa mfumo unaochanganya maeneo bunge na orodha za vyama. Ireland ya Kaskazini huchagua baraza lake kwa kura ya kuhamishika. Mwaka 2024 Wales ilipitisha sheria ya kuchagua wajumbe wake wote 96 kwa orodha za uwiano kuanzia mwaka 2026. New Zealand, ambayo ilirithi mfumo wa Uingereza kama sisi, iliwauliza wananchi mwaka 1993, wakaukataa urithi huo, na tangu mwaka 1996 imechagua kwa mfumo mseto. Nchi hiyo haikusambaratika. Kinachobaki nyuma ni lile Bunge la Westminster lenyewe, ambalo limeona inafaa kwa wengine haki lisiyoipenda kwake.

Sasa turudi nyumbani, kwa maana urithi huo tuliupokea bila kuuliza. Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa, na Desemba 1992 tukapiga kura ya vyama vingi. Daniel arap Moi alirudi Ikulu kwa asilimia 36 hivi ya kura, huku zaidi ya watu sita katika kila kumi wakiwa wamewapigia wengine. KANU ilichukua viti 100 kati ya 188 vilivyogombewa. Tulilia juu ya hila zilizofanyika, na tulikuwa na haki ya kulia. Tulijilaumu kwa kugawanyika, na lawama ilikuwa yetu. Lakini wachache wetu walisema kwamba hata bila hila, sheria yenyewe ilimruhusu aliyekataliwa na wengi kuwatawala wote.

Katiba ya mwaka 2010 iliuziba ufa huo katika kiti cha rais, kwa kumtaka apate zaidi ya nusu ya kura. Bunge lakini limeachwa vile vile. Wabunge 290 wa maeneo bunge na wawakilishi 47 wa kike wa kaunti huchaguliwa kwa ule ule mfumo wa kikoloni wa anayeongoza kuchukua yote. Wamebaki 12 wa kuteuliwa kwa orodha za vyama. Na hapa tunamwomba msomaji afungue Katiba mwenyewe, kifungu cha 90, asome kwa makini. Viti hivyo vya orodha hugawanywa kwa uwiano wa nini? Si uwiano wa kura ambazo chama kimepata. Ni uwiano wa viti ambavyo chama kimekwisha kushinda. Aliyepata vingi huongezewa. Aliyepata kura nyingi bila viti huambiwa arudi baada ya miaka mitano. Jina ni uwiano, lakini kazi yake ni kumnawisha mikono aliyekwisha kula.

Madai yetu ni machache na tunayataja bila kuficha. Kwanza, viti vyote vya orodha, katika Bunge, Seneti na mabaraza ya kaunti, vigawanywe kwa kura zilizopigiwa vyama, si kwa viti. Pili, idadi ya viti vya orodha iongezwe, bila kuongeza jumla ya wabunge, hadi ifae kusawazisha dhuluma ya maeneo bunge. Na humo humo ile theluthi ya jinsia ambayo Bunge limeikwepa tangu mwaka 2010 itapata makao. Tatu, orodha hizo zitungwe na wanachama kwa kura ya siri, zisiwe mali ya mwenye chama na wakwe zake. Bila sharti hili la tatu, mawili ya kwanza yatakuwa soko jipya la wachuuzi wale wale.

Neno la mwisho ni kwenu ninyi viongozi wa vyama vidogo vya Kenya, na mtuwie radhi tukisema kwa ukali. Green wa Uingereza walikuwa na mbunge mmoja tu tangu mwaka 2010 hadi 2024, na chama hakikuuzwa. Kilifanya kazi katika mabaraza ya miji, kikaitisha mikutano, kikalipisha ada za uanachama, kikawa wanne. Huku kwetu vipo vyama vinavyoamka miezi mitatu kabla ya uchaguzi, vikatia saini mkataba wa muungano, vikalala tena. Mnapoitwa vyama vya mfukoni mnakasirika. Basi tokeni mfukoni. Hatuwezi kudai kwamba kila kura ihesabiwe ikiwa ninyi wenyewe mko tayari kuiuza kura hiyo kwa jumla kabla haijapigwa.

Na kwako mwananchi: usikubali kuambiwa kwamba kuchagua chama kidogo ni kuipoteza kura. Kura haijipotezi. Kuna sheria inayoipoteza, iliandikwa na watu, na watu wanaweza kuiandika upya. Mbunge wako akija tena kwenye baraza lako, mshike mkono umwulize swali moja tu: je, utaunga mkono kifungu cha 90 kirekebishwe ili viti vifuate kura? Akijibu ndiyo, mwandike jina na tarehe. Akijibu hapana, mwandike pia. Orodha hizo mbili tutazihitaji.